Foto Iliyofungiwa

Berthe Mwenze alizaliwa Kilwa ya Kongo, akaolewa ng'ambo ya pili ya ziwa, Nchelenge, akafiwa na mume Nchelenge, na hakurudi kwao. Mumewe, Guylain, alimwachia chumba kimoja karibu na soko la samaki, kamera, pazia la buluu lenye maua, na kompyuta ya mezani nzito kama jiwe la kusagia. Guylain aliinunua Lubumbashi kwenye ofisi iliyokuwa ikibadilisha vifaa vyake, akaivusha ziwa ikiwa imezungushiwa nguo za mitumba ili isigongwe. Hata wakati huo ilikuwa kuukuu. Lakini ilifanya kazi, na ndani yake ziliingia picha za watu wa ufukwe ule mwaka baada ya mwaka: watoto wa ubatizo, maharusi, wavuvi waliotaka foto ya kitambulisho, wazee waliolazwa kwenye jeneza wakiwa wamevalishwa suti. Familia nyingi hazikuwa na picha nyingine ya marehemu wao. Mtu akifa, jamaa walikuja kwa Berthe, naye akatafuta, akachapa.

Alichokiogopa zaidi kilimpata mpiga picha mwenzake wa Chienge kwanza. Wezi walivunja studio yake wakabeba kompyuta, na baada ya muda picha za wanawake waliokuwa wakimfunda bibi harusi, wakicheza na vitenge tu viunoni, zikaanza kuruka kutoka simu hadi simu. Mmoja wa wanawake wale alifukuzwa na mumewe. Berthe alimjua. Alikwenda kumpa pole, akarudi na kichwa kizito, na kesho yake akamwita Chisala.

Chisala alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta mlango wa tatu kutoka kwake. Alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa na mjomba wake Jairos, mwenye boti za kuvusha abiria na mizigo. Jairos ndiye aliyempeleka Kitwe kusoma, na Jairos ndiye aliyemjengea kibanda. Kijana alikuwa mpole, mwenye mikono safi, na Kibemba chake kilipoishia alizungumza Kiswahili cha biashara bila kuona haya.

Alifungua ubavu wa ile kompyuta, akapuliza vumbi, akachungulia kwa tochi.

"Mama, hii mashini iko muzee, lakini haiko mujinga," alisema. "Ona hapa. Hii misumari midogo. Batengenezaji balibakisha fasi, lakini habakuweka kintu."

"Kintu gani?"

"Kachipi ka kuchunga siri. Kanachunga ufunguo wa disk ndani yake, na hakatoi kwa mutu. Mwizi akibeba disk, akienda kuiweka mu mashini ingine, atakuwa amebeba chuma tu."

"Na miye?"

"Weye utafungua kila siku kama kawaida. Hautasikia kama kako ndani."

Kachipi kaliagizwa Lusaka, kakafika kwa basi dogo la Mansa ndani ya boksi la betri za simu. Kalikuwa kibao cha kijani kidogo kuliko kidole gumba, chenye mraba mweusi katikati. Chisala alikashika kwa pembe, akakalinganisha na misumari, akakasukuma hadi kakaketi. Berthe alisimama nyuma yake akiangalia kila kitu, maana ile ilikuwa mashini ya Guylain. Kisha kijana aliwasha, akaingia kwenye mipangilio ya ndani ambako maandishi ni meupe na panya wa kompyuta hafanyi kazi, akakaamsha kale kachipi, halafu akaiamuru kompyuta ijifunge. Disk ilikuwa ya zamani, ikaunguruma mchana mzima.

"Na kama haka kanakufa?" Berthe aliuliza.

"Iko namba moja murefu ya kufungulia. Nimeichunga mu telefone yangu. Nitakutumia."

"Uniandikie tu mu karatasi."

"Karatasi mu hii soko, Mama? Mvula, panya. Nitakutumia."

Hakuituma. Berthe aliuliza mara moja tena, Chisala akapiga kichwa chake kwa kiganja akasema ataituma jioni, na jioni kukawa na mteja aliyedumbukiza simu ziwani. Kompyuta ilifunguka kila asubuhi kama alivyoahidi. Jambo likasahaulika pande zote mbili.

Msimu wa upepo ulipoanza, kwaya ya kanisa moja la pale ufukweni ilialikwa Kilwa kwenye mkutano wa vijana. Walishona vitenge vya sare, rangi ya chungwa, na walitaka foto kabla ya kuondoka. Jumamosi asubuhi Berthe alikwenda bandarini na kamera. Boti ilikuwa ya Jairos. Ilikuwa imeshapakiwa: magunia ya unga, kreti za vinywaji, magodoro, baiskeli, halafu wafanyabiashara wa Kongo waliokuwa wakirudi kwao, halafu kwaya juu ya yote hayo. Maji yalikuwa karibu na ukingo. Hakuna aliyevaa boya.

Berthe alipanda juu ya meza ya kupimia samaki ili awapate wote. Kupitia kamera aliona jinsi boti ilivyolala. Akateremsha kamera.

"Bamezidi," alimwambia mtu wa injini. "Hii bwato imejaa sana."

"Mama, piga foto," yule mtu alijibu. "Upepo utatukuta hapa."

Wanakwaya wakaanza kumwita wakicheka, jua lilikuwa linawapiga machoni. Akapiga. Msichana mmoja wa mbele, Luse, binti wa Mable muuza chumvi, aliinua mkono na kusema atakuja kuchukua ya kwake ya kwanza kabla ya wenzake. Wanaume wa pwani wakaisukuma boti, Chisala akiwa kati yao na suruali imekunjwa hadi magotini. Ikaondoka.

Berthe alirudi studio, akahamisha picha kwenye kompyuta, akaifuta kadi ya kamera kwa sababu mchana alikuwa na harusi ndefu, tena yenye video. Alikuwa bado kwenye harusi, muziki umepamba moto, watu walipoanza kukimbia kuelekea ziwani.

Boti ilipinduka katikati ya njia. Wavuvi waliokuwa karibu waliokoa baadhi. Wengine waliletwa kesho yake, na kesho kutwa, wamefunikwa kwa matanga. Vitenge vya rangi ya chungwa vilionekana kwa mbali kabla ya mtu kujulikana. Wengine hawakuletwa kabisa.

Luse hakuletwa. Mable alikaa ufukweni na wanawake wa kanisa, akisimama kila mtumbwi ulipotokea, akikaa tena. Hakulia. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona.

Kisha yakaanza maneno. Ofisa wa uchunguzi alikuja kutoka Mansa, akawa anaandika maelezo. Jairos alimwendea akiwa amevaa koti na tai, akatoa idadi ya abiria wake, na idadi hiyo ililingana na waliookolewa pamoja na waliozikwa. Hakuna zaidi. Alisema boti ilikuwa na nafasi, upepo ni kazi ya Mungu. Alipoulizwa kuhusu wale ambao jamaa zao walidai hawajaonekana, alisikitika.

"Vijana bengi banasema banaenda mukutano," alisema. "Kumbe banapanda gari, banaenda Lubumbashi, banaenda Kasumbalesa. Mutu ambaye hakupanda bwato yangu, miye nitamutoa wapi?"

Maneno yale yalimfikia Mable siku hiyo hiyo. Mtu mmoja alimrudishia kwa sauti ya huruma, kana kwamba anampa tumaini: labda Luse yuko hai, labda ana mwanaume mjini. Mable alisimama akaenda moja kwa moja kwa Berthe. Kitenge chake kilikuwa na mchanga.

"Mama Berthe, ulibapiga foto."

"Nilibapiga."

"Mutoto yangu iko mu ile foto?"

"Kaa chini, Mable."

"Awe, hapana, sikai. Nionyeshe."

Umeme ulikuwa umerudi mchana huo baada ya kukatika asubuhi nzima. Berthe aliwasha. Kompyuta ikachukua muda wake, ikafunguka, na foto ikaja ikijaza kioo. Boti yote ilikuwepo. Uliweza kuona ukingo ulivyokuwa karibu na maji, ukaona magunia, ukaona kila uso. Luse alikuwa mbele, mkono juu, jicho moja limefumba kwa jua.

Mable aligusa kioo. Hapo ndipo alipoanza kulia, taratibu, bila kuondoa kidole chake.

"Njo huyu," alisema. "Ndiye huyu, njo huyu."

Wino wa printa ulikuwa umekwisha kwenye harusi. Berthe alisema ataipiga picha ile foto kwa simu yake mwenyewe, ampelekee ofisa mara moja, na akageuka kuitafuta simu chini ya nguo za wateja. Kabla hajaishika, umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi, na kidole cha Mable kikabaki juu ya kioo cheusi.

Umeme haukurudi siku hiyo wala iliyofuata. Watu walisema transfoma imeungua, watu walisema ni mgao tu. Berthe alikwenda kwa ofisa akamweleza alichonacho. Ofisa alikuwa mtu mchovu lakini msikivu. Alisema iletwe kompyuta yenyewe kwenye jumba la mikutano alikofanyia kazi, pale kuna jenereta. Awepo mama wa msichana, awepo na mwenye boti, wote waione kwa pamoja. Jairos alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, akingoja zamu yake ya kusaini maelezo. Mlango ulikuwa wazi.

Asubuhi ya siku iliyopangwa Berthe alimwomba Chisala amsaidie kuibeba. Kijana alikuja amechelewa. Hakumtazama usoni.

"Mama, umeme wa jenereta haiko muzuri kwa mashini muzee," alisema. "Wacha nifungue kwanza, nitoe vumbi, isiungue mbele ya bantu."

"Fanya. Lakini ufanye mbio."

Mteja mmoja aliita nje, akitaka foto za kitambulisho za mtoto. Berthe alitoka kumwambia arudi kesho. Mtoto alikuwa akilia, mama yake akaanza kueleza kwamba wametoka mbali, Kafutuma, na nauli ya kurudi tena hawana. Berthe akawapiga haraka haraka pale nje, ukutani. Aliporudi ndani, Chisala alikuwa amekwisha kufunga ubavu wa kompyuta na anafuta mikono kwa shati lake.

Waliibeba kwa toroli la samaki, imefunikwa godoro. Mable alitembea kando yake ameiwekea mkono, kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Jenereta iliwashwa. Ofisa alivuta kiti. Jairos alisimama nyuma, kofia mkononi. Berthe akabonyeza kitufe, kompyuta ikanguruma, na badala ya picha ya Guylain iliyokuwa ikitokea kila siku, kioo kikawa buluu tupu, na maneno meupe ya Kiingereza yakiomba namba ya kufungulia.

"Inasema nini?" Mable aliuliza.

Berthe alizima, akawasha tena. Buluu ile ile.

"Chisala," alisema, "hii ni kintu gani?"

"Umeme wa jenereta," Chisala alijibu. "Imechanganya akili ya mashini."

"Bon, sawa. Iko ile namba. Ulisema iko mu telefone yako. Toa."

"Ile telefone nilibadilisha, Mama. Namba ilipotea na ile."

"Ilipotea lini?"

Ofisa alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alisubiri kuliko ambavyo mtu mwingine angesubiri. Kisha akafunga faili lake, akasema ikifunguka wakati wowote wamletee, hata akiwa Mansa, lakini hawezi kuandika kwamba ameona kitu ambacho hajakiona. Jairos alimpa Mable pole, akavaa kofia, akatoka. Mable alibaki ameketi mbele ya kile kioo cha buluu mpaka mtu wa jenereta alipokuja kusema mafuta yanakwisha.

Berthe aliirudisha kompyuta studio. Hakuwa fundi, lakini alikuwa amesimama nyuma ya Chisala siku ile ya kwanza, akaona wapi kidole kinabonyeza na wapi kifuniko kinateleza. Alichukua kisu cha jikoni akafungua ubavu. Alielekeza tochi ya simu. Misumari midogo ilikuwa pale, imesimama mitupu, haijashika kitu.

Alikaa sakafuni. Alijua mara moja, kwa kuwa katika Nchelenge yote watu wawili tu walijua kwamba kile kitu kilikuwemo. Hakukuwa na mlango uliovunjwa, wala disk iliyoibwa. Kila kitu kilikuwa bado ndani, Luse na wenzake, wazee kwenye majeneza yao, Guylain akiwa kijana amevaa miwani ya kukopa. Vyote vilikuwa pale pale alipoviacha, na hakuna mtu duniani angeweza kuvifikia.

Alimkuta Chisala kwenye uwanja wa mjomba wake, ambako mbao mpya za boti zilikuwa zimepangwa kukauka. Kijana alikuwa peke yake, ameketi juu ya mbao. Alipomwona alisimama, halafu akakaa tena.

"Nirudishie," Berthe alisema.

"Haiko tena, Mama."

"Iko wapi?"

Chisala alionyesha ziwa kwa kidevu.

Berthe aliyatazama maji. "Na namba?"

"Nilifuta. Bayama alikuwa amesimama hapa, anaangalia." Hivyo ndivyo alivyomwita mjomba wake, kwa Kibemba, kwa heshima. "Mama, alinilea. Nilikuwa nakula chakula chake nikiwa mutoto mudogo. Aliniambia, mu ile foto kuko kifungo changu. Unataka kuona miye mu gereza, batoto yangu banauza maji mu njia? Ningesema nini?"

"Ungesema hapana."

"Weye hauna bayama."

"Nilikuwa na bwana," Berthe alisema. "Foto zake zote ziko mule. Hiyo wacha. Luse ulimujua?"

Chisala aliinamisha kichwa.

"Ninakuuliza, ulimujua?"

"Alikuwa anachajia telefone pa kibanda yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anaimba akingojea."

Berthe alitaka kumpiga. Mkono wake uliinuka. Lakini aliona kwamba angempiga angepata nafuu, yule kijana, na hakutaka kumpa nafuu. Akageuka akaondoka.

Alimweleza ofisa. Chisala aliitwa, akasema hajawahi kuweka chochote ndani ya mashini ile, ni kuukuu, imekufa kifo chake. Berthe akampa rafiki yake Jeanine ile disk aivushe hadi Lubumbashi kwa mafundi wa kule. Jeanine alirudi nayo. Fundi mmoja alijaribu siku kadhaa; mwingine aliisikiliza tu hadithi yake akamrudishia disk bila kuichomeka. Wote walisema neno moja: kachipi kengine hakatafaa, ufunguo ulikuwa ndani ya kale, na namba ikifutwa imefutwa.

Maelezo ya uchunguzi yakafungwa. Waliozikwa walihesabiwa kuwa wamekufa. Wale wengine hawakuwa wamekufa wala hawakuwa hai; kwenye maandishi hawakupanda boti, basi. Wafanyabiashara wa Kongo waliopotea hawakuwa hata na mtu wa upande huu wa kuwaulizia.

Kanisa la Mable lilisita. Mchungaji alikuwa mtu mwema, lakini wazee wa kanisa walisema itakuwaje wamwombee msichana ibada ya wafu, halafu siku moja aonekane Kasumbalesa na mimba. Mable akaweka kilio mwenyewe, nyumbani. Wanawake walikuja, wakalala chini kama desturi, wakaimba. Siku ya pili mtu wa Jairos alileta gunia la unga wa kusaidia kilio, akaliegemeza mlangoni, akaondoka upesi. Wanawake walilitazama. Walikuwa wengi, na chakula kilikuwa kidogo.

Mable alitoka ndani. Hakuuliza limetoka wapi. Aliwaambia wanawake wawili wamtwike.

"Mayo, mama, wacha babebe bengine," mmoja alimsihi.

"Nitwikeni."

Alilibeba kichwani njia nzima, shingo ikitetemeka, katikati ya soko, watu wakiacha kupima samaki ili wamwangalie. Alilitua mbele ya lango la Jairos. Hakugonga, hakutukana. Alijifuta uso kwa kitenge akarudi alikotoka.

Chisala alikuwa ndani ya uwanja ule, akamwona kupitia nafasi ya lango. Sijui ni nini hasa kilichomvunja, kwa maana baadaye hakupenda kueleza. Lakini asubuhi iliyofuata, jua limeshapanda na kilio kimejaa watu, aliingia uani kwa Mable, akavua viatu, akapiga magoti mbele yake na mbele ya Berthe aliyekuwa ameketi kando yake.

"Mama Mable, mutoto yako alipanda," alisema. "Nilikuwa mu maji, ninasukuma ile bwato. Nilimushika mukono, nikamupandisha miye mwenyewe. Alisema asante. Bwato ilikuwa imejaa, tulijua wote. Halafu nilitoa ile kintu mu mashini ya Mama Berthe, nikaitupa."

Wimbo ulikuwa umekatika. Mwanamke mmoja alimtemea mate, yakampata begani. Hakuyafuta.

Mable alimwinamia. "Alisema asante?"

"Alisema asante."

"Kwa Kibemba?"

"Natotela, alisema. Natotela mukwai."

Mable alifumba macho. "Simama," alisema. "Uende useme vile kwa ofisa. Ukisha kusema, usirudi hapa tena. Sitaki kukuona."

Alikwenda. Alipanda basi hadi Mansa akasema yote, akatia sahihi. Ofisa aliandika, akamshukuru, akamwonya kwamba amejiingiza mwenyewe kwenye kosa, na kwamba neno la mtu mmoja aliyekwisha kusema uongo mara ya kwanza lina uzito mdogo mbele ya mwanasheria. Faili lilipelekwa mbele. Mpaka leo halijarudi. Jairos alimfungia mpwa wake kibanda, akamtupia mashine zake nje, na ukoo mzima ukaacha kumsalimu. Chisala alikwenda Copperbelt, kwenye miji ya migodi. Wanasema anauza muda wa maongezi stendi ya basi, lakini hakuna aliyemwona kwa macho yake.

Kitu kimoja tu kilitokana na maneno yake. Mchungaji alipoyasikia aliwaita wazee wake, na Jumapili hiyo jina la Luse lilisomwa kanisani pamoja na majina ya wenzake. Mable alisimama liliposomwa. Kisha akaketi, na wale waliokuwa karibu naye wanasema alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, ingawa mzigo wenyewe haukwisha.

Berthe alinunua kompyuta ndogo ya kubeba. Ile ya zamani aliiacha mezani, imezimwa. Watu waliendelea kuja, wamefiwa, kuulizia foto za baba au bibi zao, naye akawaambia hazipo. Wengine walimwelewa. Mmoja, mzee aliyemzika mkewe, alimwambia kwa hasira: "Uliifunga ili mwizi asione, sasa hata shiye hatuoni. Ulimufungia nani?" Berthe alikaa na swali hilo siku nyingi, akiwa anakata foto za vitambulisho kwa mkasi.

Upepo ulipotulia, Jairos alizindua boti mpya. Ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, imepakwa rangi nyeupe. Siku ya safari yake ya kwanza Berthe na Mable walikwenda bandarini pamoja, bila kupanga sana. Magunia yaliingia, kreti zikaingia, watu wakaingia. Mable alisimama kwenye maji, karibu na ngazi, akawaambia waliokuwa wakipanda, mmoja mmoja: "Mwana yangu alikufa na bwato ya huyu. Imejaa. Ngojeni ingine."

"Ingine ni lini, mama?" mchuuzi mmoja alimuuliza, bila ubaya. "Samaki yangu itangoja?"

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisikiliza, akateremka, akasimama pembeni akiwa amekasirika kwa sababu hakujua atalala wapi. Wengine walipita wakiangalia chini. Berthe aliinua kamera ili apige, na watu wa Jairos wakaja wakasimama mbele yake, vifua vimegusa lenzi, bila kusema kitu. Alikwenda kushoto, wakaenda kushoto. Boti ikasukumwa.

Walisimama pale mpaka ikawa nukta. Mable alikuwa bado ndani ya maji, kitenge kimelowa hadi kiunoni, na Berthe alimshika mkono akamtoa nchi kavu.

Jioni habari ikaja kwamba boti imefika Kilwa salama, hakuna hata gunia lililolowa. Watu wakasema, mnaona. Na kesho yake tiketi za safari ya pili zikaanza kuuzwa.